Kule Mitaro Haina Mifuniko

Meneja aliwatangazia wakiwa wamesimama, vitambaa vikiwa bado vimetandazwa mezani, na alisema harakaharaka kama mtu anayeogopa kuulizwa swali. Sehemu ya kukatia inahamishwa. Kushona kutabaki hapahapa, kufungasha kutabaki hapahapa, lakini kukata kutafanyika kule, kwenye mji wa pili, ambako mwenye kiwanda amepata jengo kubwa zaidi. Anayetaka kuhama aseme kabla ya Jumatatu mchana. Asiyetaka atalipwa haki zake na kuagwa vizuri. Kisha akamgeukia mwanamke aliyesimama mwisho wa meza na chaki mkononi.

"Na wewe, Mama Chiriku, kule utakuwa msimamizi. Sikulazimishi. Lakini ukikataa, hapa sina pa kukuweka."

Wenzake walimpigia makofi, isipokuwa wawili ambao walijifanya wanakunja kitambaa. Mama Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya binti yake wa kwanza, mtoto ambaye tangu ajue kuongea hajawahi kunyamaza, alibaki ameshika chaki yake. Sare za wanafunzi wa nusu ya mji ule zilikuwa zimepita chini ya mikono yake, na hakuna siku aliyowahi kuitwa msimamizi wa chochote. Alirudi kazini akakata suruali kumi na mbili, zote sawasawa, na hakukumbuka hata moja.

Nyumbani alimkuta mumewe amekwisha kufika. Alikuwa fundi simu mwenye kibanda katikati ya mji, na siku zote alifunga jua likiwa bado lipo, wakati mafundi wengine ndio kwanza wanapata wateja wanaotoka makazini. Walimtania kwamba mkewe amemwekea muda wa kurudi. Walimtania na jingine, na hilo lilikuwa na ukali ndani yake: walimwita Maringo. Ungemnyooshea mkono kumsalimia, angeuacha ukining'inia hewani akaendelea na safari yake. Kesho yake angekuchangamkia kama ndugu. Mwenyewe, akiitwa Maringo, alicheka tu.

"Msimamizi?" fundi alisema, mkewe alipomweleza. Akainuka kabisa kwenye kiti. "Wewe? Hongera, mke wangu. Hongera sana."

Alisema kwa moyo, na mkewe aliona hivyo. Lakini alipokaa tena, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ila kule," akasema.

"Kule kuna nini?"

"Kule maji ni ya kuvizia."

"Na hapa? Jana umeoga na nini, si ndoo ya jirani?"

"Kodi za nyumba ziko juu."

"Kaka anasema kwa kodi hii hii tunapata vyumba vitatu."

"Kaka yako anausifia ule mji kana kwamba ameujenga yeye."

"Haya. Nini kingine?"

Fundi alitafuta. "Mitaro," akasema mwishowe.

"Mitaro imefanyaje?"

"Kule mitaro haina mifuniko. Barabara nzima, kushoto na kulia, iko wazi. Hapa angalau wamefunika."

Mama Chiriku alicheka mpaka akashika ubavu. "Tangu lini umekuwa mhandisi wa manispaa? Mtu anakataa nyongeza ya mshahara kwa sababu ya mtaro!"

"Mimi nataka twende," Chiriku alidakia kutoka mlangoni, ambako alikuwa anasikiliza bila kujificha. "Shule za kule zina maktaba. Na mjomba ana televisheni kubwa. Na baba atapata kibanda kizuri zaidi. Na..."

"Na wewe nenda kamwogeshe mdogo wako Bosi," mama akamkata.

Fundi alicheka nao, lakini mikono yake ilikuwa magotini, vidole vimekazana. Kuna jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyelijua. Miaka minne iliyopita alikwenda hospitali akidhani anahitaji miwani, na daktari akamwambia kwamba macho yake yanakufa kuanzia pembeni. Katikati yalikuwa mazima: aliweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele akaiweka mahali pake bila kubahatisha. Lakini pembeni hapakuwa na kitu, na kila mwaka pembeni ilisogea ndani zaidi. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jua likizama, hata bomba lenyewe lilizibwa. Mikono aliyonyooshewa hakuidharau, hakuiona. Daktari alisema hakuna dawa. Alisema pia kwamba ugonjwa huo hutembea katika damu ya ukoo, hivyo watoto wapelekwe wakapimwe. Fundi aliitikia ndiyo, akatoka, akarudi kibandani, na hakumwambia mtu.

Katika mji wao aliweza kuificha siri hiyo, kwa sababu mji ule aliujua kwa miguu. Alijua nguzo ilipo, ngazi zinapoanza, kona ambayo wauza viatu hutandaza bidhaa chini. Mji mwingine ungemfichua kwa siku moja.

"Twende tukauone basi," mkewe alisema. "Jumamosi. Kuona si kuhama."

Fundi alikubali.

*

Watoto waliachwa kwa jirani. Kaka mtu aliwapokea stendi, kijana mnene mwenye furaha, aliyefanya kazi kwenye ghala la saruji na kuupenda mji wake kama timu ya mpira. Alimkumbatia dada yake, kisha akamnyooshea shemeji yake mkono. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuta ukingo wa njia kwa macho. Mkono ulisubiri. Mama Chiriku akauona unashuka taratibu na kuingia mfukoni.

"Shemeji amechoka na safari," kaka akasema, bado anatabasamu.

"Samahani, shemeji, habari za siku nyingi," fundi alishtuka kuisikia sauti karibu, akanyoosha mkono wake, na sasa ulikuwa ni wa kwake uliobaki peke yake kwa sekunde moja.

Njia nzima kaka alionyesha na kueleza. Soko jipya lile. Chuo kile. Mvua za huku ni za maana, si za kwenu za kumwagia vumbi. Taa za barabarani zipo ila umeme wake ndio una matatizo kidogo. Mama Chiriku aligeuza kichwa huku na huku, na moyo wake ulikuwa unapanda. Mumewe hakuinua uso. Alitembea katikati ya barabara kila alipoweza, na waendesha pikipiki walimpigia honi.

"Pembeni, mzee! Barabara umeirithi?"

"Baba Chiriku, njoo huku," mkewe akamvuta. Huku ilikuwa ndiko kwenye mtaro, wazi, mweusi, upana wa mtu. Alimfuata akiburuza viatu kama mwenye mgomo.

Nyumbani kwa kaka, wifi alikuwa ameandaa. Alikuwa mwanamke nadhifu, wa maneno machache, na kwa heshima ya wageni alitoa glasi zile za harusi yake. Akaziweka kwenye sinia, sinia akaliweka kwenye kigoda karibu na kochi. Fundi aliambiwa karibu ukae. Alipiga hatua mbili, goti lake likapita kwenye kigoda kama vile hakipo.

Sinia lilianguka, glasi zikapasuka.

"Usijali, shemeji," wifi akasema. "Ni glasi tu." Lakini aliinama kuokota vipande mwenyewe na kukataa kusaidiwa, na alipoingia jikoni, Mama Chiriku, aliyemfuata na fagio, alimsikia akimnong'oneza mumewe: "Huyu shemeji yako anakunywa? Maana kigoda kiko peupe, mchana kweupe."

Mama Chiriku alisimama na fagio lake nje ya jiko. Alitamani aseme mume wangu hajawahi kugusa pombe. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na maelezo mengine, akaona kusema nusu ni vibaya kuliko kunyamaza.

Alasiri waliona jengo la kiwanda. Lilikuwa na madirisha makubwa upande mzima, na meza mpya za kukatia zilikuwa zimepangwa kufuata mwanga. Mama Chiriku alipitisha kiganja juu ya meza moja. Hakukuwa na mkwaruzo. Mlinzi alipomwuliza ni nani, alijibu kabla hajajizuia: "Mimi ndiye msimamizi."

Nyumba ya kupanga nayo waliiona: vyumba vitatu, bomba ndani, uwanja mdogo wa watoto, na mbele yake yadi ambamo malori yalilala. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyezoea kupima watu kwa viatu vyao, aliwapitisha chumba kwa chumba.

"Mnaonaje, baba?" akamwuliza fundi.

"Ina ngazi mlangoni," fundi akasema.

"Tatu tu."

"Na mtaro unapita palepale mbele."

"Maji ya mvua yapite wapi, baba, sebuleni?"

Mwenye nyumba alicheka, kaka alicheka. Mama Chiriku hakucheka. Alisubiri mpaka wakatoka nje, akamshika mumewe mkono wa shati.

"Umekuja kutafuta kasoro," alisema kwa sauti ya chini. "Sema kweli. Unaona uchungu mke wako kuwa msimamizi?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Alifungua kinywa. Kaka alikuwa anawasubiri barabarani, mwenye nyumba yuko mlangoni na funguo zake. "Ni mji tu," akasema. "Sijaupenda."

*

Jumapili basi lao lilitakiwa kuondoka alasiri, lakini kila walipouliza waliambiwa linakuja, lipo karakana. Kaka alikwisha kuwaaga. Walikaa kwenye benchi la stendi na mabegi miguuni, kila mmoja ametazama upande wake. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya maghala, na fundi alilitazama kama mtu anayetazama maji yakipanda.

Ndiye aliyeanza kutafuta amani. "Nikuletee maji?"

"Ukitaka."

Duka lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Alikwenda wakati nuru ingalipo, akapita vizuri, akasimama nyuma ya watu wawili. Aliyekuwa mbele yake alitaka chenji, muuzaji hana, akatumwa mtu kutafuta. Fundi alipopewa chupa zake na kugeuka, uwanja ulikuwa umetoweka.

Hapakuwa na giza kwa watu wengine. Kwao ilikuwa jioni ya kawaida, balbu chache zimewashwa, mpiga debe anaita abiria. Kwake yeye ilikuwa kama mtu amemvisha gunia. Aliona nukta moja ya taa mbali, ikawa mbili, zikamjia na kumpita kwa mngurumo. Mkokoteni ulimgonga kisigino. "Unasimama katikati kama sanamu!" mtu akamfokea. Alirudi nyuma akiwa amenyoosha mkono mpaka ukagusa ukuta wa duka, akauegemea. Benchi lilikuwa mbele. Lakini mbele ilikuwa wapi?

Mama Chiriku hakuhangaika mwanzoni. Amenuna, mwache anune. Kisha alianza kufikiri mambo: labda amepanda gari jingine. Labda ameamua kumwaibisha kabisa. Mtu aliyekaa karibu naye akasema basi limeingia, watu wakaanza kuinuka. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nipo hapa dukani."

"Mbona hurudi? Basi limefika."

"Nakuja."

Alisimama ili amwone, na akamwona bila shida. Alikuwa chini ya balbu ya duka, mgongo ukutani, chupa mbili kwapani, simu sikioni, uso wake ameuelekeza kwake moja kwa moja.

"Nimekuona," akasema. "Niko hapa mbele yako. Unaniona?"

"Nakuona."

Alimpungia. Mumewe hakutikisika. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama upande wake, lakini yalikuwa yamepita juu ya kichwa chake na kwenda kusimama mahali pasipo na mtu.

"Unaniona kweli?"

"Mke wangu, si nimesema nakuona."

Mama Chiriku akashusha mkono wake, akashika mkanda wa begi.

"Nimeinua mkono gani?"

Aliona midomo ya mumewe ikicheza kabla ya sauti kumfikia.

"Wa kulia," akasema.

Mama Chiriku aliacha mabegi pale yalipo. Akavuka uwanja akitembea upesi, kisha polepole, kisha akasimama mbele ya mumewe, karibu kiasi cha kunusa jasho lake. Hakusema neno. Mumewe alikuwa bado ameshikilia simu.

"Haloo?" alikuwa anasema. "Haloo? Umekata? Mke wangu? Haloo?"

Alimgusa mkono. Fundi aliruka kwa woga, chupa moja ikaanguka ikabingirika.

"Ni mimi," akasema Mama Chiriku. "Nipo hapa. Nilikuwa nipo hapa."

*

Mama Chiriku alichukua mabegi, akamkalisha mumewe kwenye kreti la soda kando ya duka. Kondakta alikuwa anapakia mizigo ya watu, wakawa na muda kidogo.

"Tangu lini?"

"Daktari aliniambia miaka minne iliyopita. Ila tatizo lilianza kabla."

"Miaka minne."

"Mchana naona. Katikati naona vizuri. Simu natengeneza, si unajua."

"Glasi za wifi?"

"Sikukiona kigoda."

"Na siku ile uliyomkanyaga Bosi vidole, akalia mpaka akatapika, ukaniambia umeteleza?"

"Sikumwona."

"Nilikutukana siku ile."

"Ulikuwa na haki."

"Sikuwa na haki!" Watu wakageuka. Akashusha sauti. "Umenifanya nimtukane mtu asiyeona. Umeniacha nicheke nao wakikuita Maringo. Mimi ni nani kwako, abiria mwenzio?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliogopa ukijua utaanza kunishika mkono kama mtoto. Na wateja. Nani atampa simu yake fundi kipofu?"

"Yatakwisha kabisa, hayo macho?"

"Yanaendelea kujibana. Huenda yakaacha kidogo. Huenda yasiache."

"Yametoka wapi?"

"Ni ya ukoo. Unamkumbuka baba mdogo, yule aliyekuwa hatoki nje? Tuliambiwa amelogwa. Hakulogwa."

Mama Chiriku alikuwa na kitambaa mkononi, anajifuta uso. Mkono ukasimama.

"Ya ukoo," akarudia. "Na watoto?"

"Daktari alisema wapelekwe wakapimwe."

"Ukawapeleka?"

Kondakta alikuwa anaita. Injini ilinguruma, moshi ukawafikia.

"Hapana," fundi akasema.

Mkewe alisimama. Yale mengine alikuwa ameanza kuyatafutia mahali pa kuyaweka, lakini hili halikuwa na mahali. Alibeba mabegi yote mawili, akamshika mumewe mkono juu ya kiwiko kwa nguvu iliyoumiza, akampandisha ngazi za basi. Hakumpandisha kwa huruma. Alimpandisha kwa sababu basi lilikuwa linaondoka.

*

Asubuhi ya Jumatatu, wakati Mama Chiriku anavaa kwenda kazini, alizungumza kwa mara ya kwanza tangu stendi.

"Nitamwambia meneja sikubali. Huwezi kwenda kuanza mji mpya na macho hayo. Tutakula haki zangu, nitatafuta cherehani nishone hapa nyumbani."

"Nisiwe mimi sababu."

"Wewe ndiye sababu. Tusidanganyane tena."

Fundi alikwenda kibandani. Hakufungua. Alisimama mbele ya meza ya jirani yake, muuza vocha na makava ya simu, mama wa makamo ambaye kwa kipindi kirefu walikuwa wanasalimiana kwa neno moja tu. Ndiye aliyembandika lile jina la Maringo, na mtaa mzima ukalichukua.

"Dada, nina neno," akasema.

"Sema, Maringo."

Akamwambia. Alikuwa ameliandaa njiani likawa refu, lakini lilipotoka lilikuwa fupi: macho yangu hayaoni pembeni, wala jioni, tangu miaka hiyo yote. Muuza vocha alikaa akimtazama.

"Kwa hiyo siku ile nyumbani kwangu," akasema taratibu. "Mama yangu amelala ndani, tunasubiri kwenda kuzika. Wewe uliingia. Nilikunyooshea mikono yote miwili. Ukanipita ukaenda kukaa na wanaume."

"Sikujua, dada."

"Nilibaki nimesimama na mikono yangu hivi." Akaionyesha. "Watu wanaona. Nikasema, huyu mtu tunakaa naye meza kwa meza, anakunywa chai yangu, na leo hata mkono ananinyima. Nikaapa sitakusamehe."

Fundi aliitazama mikono ile.

"Neno moja tu ungesema," muuza vocha akasema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Moja! Ungepungukiwa nini?"

Alijiuliza hilo akiwa amerudi kwenye kibanda chake kilichofungwa. Pande zote alikuwa amezungukwa na vitu anavyovijua: nguzo, ngazi, kona ya wauza viatu. Vilikuwa vimemlinda vizuri. Na kwa jinsi vilivyomlinda, alikuwa amewapita watu wangapi waliokuwa wamemnyooshea mikono? Akatoa simu.

"Umeshaingia kwa meneja?"

"Niko mlangoni kwake," mkewe akajibu. "Kuna nini?"

"Mwambie ndiyo."

"Usinitendee wema, Baba Chiriku. Sina nguvu za kulipa wema."

"Si wema. Hapa najua kila kitu kilipo, ndiyo maana sijawahi kumwomba mtu anisaidie. Nikibaki nitaendelea kudanganya, mpaka siku nitakapoanguka mbele ya gari. Halafu kuna jambo sijakuambia. Hospitali aliyoniandikia daktari, ya kuwapima watoto, iko kule."

Alisikia mashine za kiwandani zikinguruma.

"Kwa hiyo haikuwa mitaro," Mama Chiriku akasema.

"Mitaro ipo kweli. Ila haikuwa mitaro peke yake."

"Na bado kuna jingine unalolificha? Sema sasa, maana nikiingia humu sitoki na majibu mawili."

"Hakuna."

Mama Chiriku alikata simu. Meneja alikuwa amefungua mlango mwenyewe, anamwonyesha saa. Kuna watu kumi wanaitaka nafasi hiyo, alisema, kwa hiyo kama bado anafikiria, basi. Mama Chiriku alisema hafikirii tena. Kisha akaomba siku moja ya ruhusa kila mwezi kwa ajili ya hospitali, na meneja akakunja uso, akasema hajaanza kazi ameshaanza ruhusa. Alisimama palepale mpaka akakubaliwa.

*

Kule hakukuwa kama kaka alivyosema, wala kama fundi alivyosema. Maji yalikuwa ya kuvizia kweli. Vyumba vilikuwa vitatu kweli. Kazini Mama Chiriku alipendwa na wachache na kuogopwa na wengi, na kwa mara ya kwanza maishani alijifunza kula peke yake mchana. Fundi alipata meza kwenye duka la mtu, wateja wakaja mmojammoja, na kila aliyekaa mbele yake aliambiwa mapema kuhusu macho yake. Wawili walichukua simu zao wakaondoka. Wengine walibaki. Wiki ya pili aliingia mtaroni mpaka magotini, akachubuka mguu. Wapita njia walimvuta, na mkewe alipomwosha kidonda hakusema nilijua wala hakusema pole. Alisema, "Kesho nipitishe njia hiyo unionyeshe ulipoangukia." Wifi alisikia habari yote kwa kaka. Alikuja siku moja na chungu cha mboga, akakaa muda mrefu, na wakati wa kuondoka akamwita shemeji yake kwanza ndipo akampa mkono.

Siku ya hospitali walikwenda wote wanne. Watoto waliingizwa kwa zamu kwenye chumba chenye giza wakaambiwa wabonyeze kitufe kila waonapo mwanga. Chiriku alitoka anasimulia: mwanga huku, mwanga kule, nesi amesema mimi hodari. Bosi, mwenye miaka minane, alikaa muda mrefu zaidi. Alirudishwa tena. Mama Chiriku alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mumewe alikuwa hatazami popote.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti tulivu, aliwaita wazazi peke yao. Binti hana kitu. Kijana anazo dalili za mwanzo. Ni mapema sana, alisema, anaweza kwenda miaka mingi akiona vizuri, na ni vizuri wamekuja. Walishukuru. Walipofika nje ndipo Mama Chiriku alipolazimika kukaa kwenye ukingo wa maua.

"Tusimwambie," akasema. "Ni mtoto. Akikua."

"Mimi nimeishi nikificha," mumewe akasema. "Sitaki nimfundishe na yeye."

Walibishana mpaka watoto walipowafikia, wakanyamaza.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, fundi alikaa kwenye ngazi za mlango na Bosi pembeni yake. Ng'ambo, kwenye yadi, malori yalikuwa yanaingia kupakia saruji. Hakujua aanzie wapi, na hakuhitaji kuanza.

"Baba, kwa nini mimi walinirudisha kwenye kile chumba?"

"Kwa sababu macho yako yamefanana na yangu."

"Sasa hivi naona."

"Unaona. Utaona kwa miaka mingi. Halafu pembeni kutaanza kupotea polepole, kama kwangu."

Bosi alifikiri, anachora chini kwa kijiti. "Basi nitatengeneza simu."

"Ukitaka."

"Sitaki. Simu zinachosha, mtu anakaa tu." Akanyoosha kijiti kuelekea yadi. "Mimi nitaendesha lile. Lenye trela."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa fundi. Tutaona. Ni neno jepesi, mzazi yeyote hulisema, na mtoto angeridhika akaenda kucheza.

"Lori hapana, mwanangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Barabarani kuna watu pembeni. Hutawaona."

"Nitageuza kichwa."

"Hata ukigeuza."

"Nitaendesha polepole."

"Hata polepole."

Kijiti kikavunjika. "Wewe ni mbaya," Bosi alisema. Aliinuka akaingia ndani akiubamiza mlango, na fundi akasikia miguu yake midogo ikikimbia mpaka jikoni.

"Mama, baba amesema lori hapana!"

Kisu kilichokuwa kinakata kitu ubaoni kikasimama. Fundi alisubiri. Mkewe angeweza kumwambia anakutania. Angeweza kumwambia nenda kacheze.

"Nimesikia," Mama Chiriku akasema. "Ni kweli alivyokuambia. Njoo hapa."

Kilio kilianza kidogo, kisha kikajaa nyumba. Fundi aliinuka, akapapasa mpaka akapata kitasa cha mlango, akaingia ndani akikifuata.